Msafiri wa Ndege: Swala Hupunguzwa kwa Masafa au kwa Saa?

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake.

Tumeulizwa mara nyingi kuhusu anayesafiri kwa ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja: je, apunguze Swala? Wako wanaosema hapunguzi, kwa sababu safari yenyewe ni ya dakika 20 tu. Wengine husema hupunguza, kwa sababu amepanda ndege na kuvuka bahari. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, hoja zote mbili hazikusimama pake.

Kinachozingatiwa ni masafa. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj kwamba bahari ni kama nchi kavu, na mwenye kuyakata masafa hayo kwa saa moja bado hupunguza. Ndege haikuwapo zama zake, lakini kanuni hiyo inaienea.

Masafa yenyewe ni burudi 4, yaani farsakh 16, sawa na maili 48 za Kihashimi. Hayo yamepokewa kwa Ibn Umar na Ibn Abbas (R.A.). Wanavyuoni wa leo wametofautiana katika kuyageuza kuwa kilomita, na makadirio yao mashuhuri ni baina ya 80 na 89.

Sasa tupime. Baina ya kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam na cha Unguja ni kama kilomita 73. Hazifiki hata kadirio dogo kati ya hayo. Basi msafiri huyo hutimiza rakaa nne, wala hakusanyi Swala kwa ajili ya safari, sawa akienda kwa ndege au kwa boti ya saa mbili. Ama kutoka Unguja hadi Pemba ni kama kilomita 125. Huyu hupunguza, ijapokuwa ndege humfikisha kwa nusu saa hivi.

Na aliyetoka Dar es Salaam akinuia Pemba tangu mwanzo, akapitia Unguja, huyo ni msafiri wa masafa marefu kwa safari yake yote. Lakini asianze kupunguza akiwa kiwanjani Kipawa, kwani kiwanja hicho kimo ndani ya mji. Ruhusa huanza baada ya kuyaacha majengo ya mji.

Aliyekuwa akipunguza baina ya Dar es Salaam na Unguja, naye anafuata madhehebu ya Shafi, azirudie Swala hizo kwa ukamilifu. Ama aliyefuata fatwa ya wanavyuoni wanaotazama ada ya watu katika kuijua safari, hatumlaumu. Hiyo ni mas-ala ya ijtihadi. Tunawanasihi Maimamu wawabainishie watu haya kabla hawajasafiri, kwani rakaa mbili zilizoachwa bila ya ruhusa ni deni.

Wallahu a'lam.