Mbuzi Wanaotoa Dawa Katika Maziwa

Kamati za sharika zenye miradi ya mbuzi wa maziwa hutuuliza mara kwa mara: je, mbuzi tunaokopesha wamebadilishwa vinasaba? Jibu ni hapana. Dume la Toggenburg likimpanda jike la kienyeji, huzaliwa chotara kwa njia ile ile ya asili ambayo wazee wetu waliitumia kuchagua dume bora. Kubadilisha vinasaba ni jambo lingine kabisa.

Mfano mzuri unatoka Marekani. Mwilini mwetu imo protini iitwayo antithrombini, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande ovyo ndani ya mishipa. Wapo watu wachache wanaozaliwa na upungufu wake. Kwao upasuaji ni hatari, na kwa mama, kujifungua pia: bonge la damu iliyoganda mguuni laweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Protini hiyo huchujwa kutoka kwenye damu ya wachangiaji wengi, na sote tunajua damu ya kuchangia inavyopatikana kwa shida.

Wataalamu wa kampuni ya GTC Biotherapeutics, jimboni Massachusetts, walichukua jeni ya binadamu, yaani maelekezo ya kutengeneza protini hiyo, wakaiunganisha na kipande cha jeni ya mbuzi kinachofanya kazi kwenye kiwele. Kisha wakaiingiza katika kiinitete cha mbuzi. Mbuzi waliopatikana walikula na kuzaa kama wenzao, ila maziwa yao yalikuwa na antithrombini ya binadamu. Kampuni ilikadiria kuwa mbuzi mmoja kwa mwaka hutoa kiasi sawa na kile cha michango 90,000 ya damu! Dawa hiyo, ATryn, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2006 na Marekani Februari 2009. Nyama na maziwa ya mbuzi hao havikuruhusiwa kuwa chakula, sharti ambalo kwa maoni yetu lilikuwa la busara.

Hata hivyo ATryn haikudumu. Wagonjwa wake ni wachache, na kibali chake cha Ulaya kilikoma mwaka 2018. Wafadhili wanaotuuliza lini dawa za namna hii zitafika hospitali zetu watambue kwamba utaalamu peke yake hautoshi. Lazima awepo wa kununua. Dawa nyingine zilifuata, mojawapo kutoka maziwa ya sungura na nyingine kutoka mayai ya kuku.

Jambo lililo karibu nasi zaidi ni insulini. Zamani ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Tangu mwaka 1982 imekuwa ikitengenezwa pia na bakteria waliowekewa jeni ya binadamu, na sindano nyingi wanazochoma wagonjwa wa kisukari leo zinatokana na utaalamu huo. Tunaomba kamati ziwafikishie wagonjwa habari hii, kabla mtu hajaacha sindano yake kwa hofu ya neno "vinasaba".