Hamira Kama Mbebaji wa Chanjo ya Kumeza

Hamira inayoumua mkate na maandazi ni kuvu wa seli moja aitwaye Saccharomyces cerevisiae. Kiumbe huyu si mgeni katika chanjo. Nchini Marekani, mwaka 1986, iliidhinishwa chanjo ya homa ya ini aina ya B ambayo protini yake huzalishwa ndani ya hamira, ikasafishwa, kisha ikadungwa msulini. Swali la watafiti leo ni jingine: je, seli nzima ya hamira iliyobeba antijeni yaweza kumezwa na kuleta kinga?

Sababu ya kuuliza iko wazi. Vimelea vingi huingia kwa kinywa, ilhali chanjo ya sindano kwa kawaida haichochei vya kutosha kingamwili za IgA zinazolinda utando wa utumbo. Hata hivyo, protini tupu ikimezwa, asidi ya tumbo na vimeng'enya huisaga kama nyama au maharage.

Hapo ndipo hamira inapofaa. Jeni ya antijeni hupandikizwa ndani yake, nayo huitengeneza antijeni hiyo ndani ya seli au kuipachika juu ya ukuta wake. Ukuta huo mgumu huisaidia antijeni iliyo ndani kustahimili safari ya tumboni. Katika utumbo mwembamba, seli aina ya M huipokea hamira na kuikabidhi kwa seli za kinga zilizo chini yake. Hizi huitambua beta-glukani ya ukuta kwa kipokezi kiitwacho dektini-1, zikaamka. Hivyo hamira hubeba mzigo na papo hapo hubisha hodi.

Vikwazo vingalipo. Utumbo umezoea kuvumilia chakula. Kipimo kisichofaa chaweza kuufundisha mwili kuipuuza antijeni. Hamira hai yaweza kuingia katika damu ya mgonjwa mwenye kinga dhaifu, ndiyo maana hamira iliyouawa kwa joto huchunguzwa pia. Aidha, chanjo za kumeza za polio na rota zimetoa kinga hafifu zaidi kwa watoto wa nchi maskini. Hivyo chanjo ya hamira haina budi kupimwa kwa watoto hao hao.

Hamira kavu huhifadhika bila jokofu, na hilo ndilo tumaini la zahanati zisizo na umeme. Lakini hamira ya dukani haina antijeni ya ugonjwa wowote. Mtoto aliyefikia tarehe ya chanjo apelekwe kliniki, asisubirishwe.