Nyuki Seremala, Mchavushaji Anayefukuzwa Bure

Ua la bilinganya halitoi chavua yake kirahisi. Katikati ya petali za zambarau husimama vifuko vya manjano vilivyobanana, kila kimoja kikiwa na vitundu vidogo tu kwenye ncha. Chavua imefungiwa humo ndani. Nyuki wa asali akija hupapasapapasa, akikosa huenda zake. Kisha hutua nyuki mwingine, mweusi, mnene, anayekaribia ukubwa wa pingili ya kidole gumba. Hulikumbatia ua kwa miguu, hutuliza mabawa, halafu huitikisa misuli ya kifua chake. Mvumo hupanda, ua zima hutetemeka, na chavua humwagikia manyoya ya tumboni mwake.

Huyo ni nyuki seremala.

Ulaya kazi hiyo ya kutikisa maua hufanywa na nyuki wanene wenye manyoya mengi wa jenasi ya Bombus. Huko wana vyama vya kuwatetea, na wengine hufugwa kwa biashara ili wachavushe nyanya ndani ya vitalu vya vioo. Kusini mwa Sahara nyuki hao hawapo kiasili. Afrika Mashariki kazi hiyo inafanywa na nyuki seremala na nyuki wengine wa mwituni, ingawa watu wengi wanamjua seremala kwa jambo moja tu: matundu kwenye boriti za nyumba.

Mwaka 2008 Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walichapisha utafiti kuhusu uchavushaji wa mabilinganya huko Nguruman, kusini mwa Kenya. Walibaini kuwa wachavushaji hodari wa zao hilo ni nyuki wawili wa mwituni: seremala aitwaye Xylocopa caffra, na mwingine mdogo zaidi, Macronomia rufipes. Kuna jambo la kuzingatia hapo. Ua la bilinganya lina chavua lakini halina mbochi, ule utamu unaompa nyuki nguvu ya kuruka. Mbochi anaifuata kwenye mimea ya porini iliyo jirani na shamba. Pori likifyekwa lote, nyuki anakosa chakula na bilinganya linakosa mchavushaji.

Pasheni nayo inamhitaji, hasa ile ya manjano, ambayo haizai kwa chavua ya mche wenyewe. Ua lake ni kubwa, na vifuko vya chavua vimeinuka juu ya mahali penye mbochi. Nyuki mdogo hupita chini, akanywa na kuondoka bila kugusa kitu. Seremala ana mgongo mpana. Akiinama kunywa, chavua humpaka mgongoni, na ua linalofuata huipokea. Nchini Brazil, wakulima wanaokosa nyuki wa aina hii hulazimika kupaka chavua kwa vidole, ua baada ya ua. Watafiti wa huko wametengeneza hata masanduku ya mbao ili nyuki hao wahamie mashambani.

Maisha yake hayafanani na ya mzinga. Jike hutoboa handaki kwenye mti mkavu, na chini yake huonekana unga wa mbao, kwa maana hali mbao bali huitema. Ndani hutengeneza chumba kimoja baada ya kingine. Katika kila chumba huweka donge la chavua na mbochi, hutaga yai moja juu yake, kisha huziba kwa unga wa mbao uliotafunwa. Mayai yake ni machache sana kwa mdudu, kwa hiyo kila kiota kinachochomwa ni hasara isiyofidiwa upesi.

Kuuma? Dume hana mwiba kabisa, hata akielea mbele ya uso wa mtu kana kwamba anatishia. Jike anao, lakini huutumia akishikwa au akibanwa.

Kumsaidia hakuhitaji fedha nyingi. Gogo kavu au tawi lililokufa liachwe kwenye kona ya shamba badala ya kuishia jikoni. Vipande vya mianzi au mlingoti mkavu wa mkonge vifungwe pamoja na kutundikwa mahali pasiponyeshewa. Kando ya mboga ipandwe mbaazi, kunde, marejea au mrehani, kwa kupishana, ili maua yasikatike. Ukingo wa shamba ubakizwe na vichaka vyake.

Dawa ya wadudu ndiyo hatari kubwa. Isipulizwe juu ya maua yaliyofunguka. Ikibidi kabisa, ipulizwe jua likizama, nyuki wakiwa wamekwisha kurudi viotani, na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Na nyumba? Seremala hupendelea mbao tupu, kwa hiyo boriti na kenchi zilizopakwa rangi humvutia kidogo. Mwenye nyumba apake rangi, aweke gogo kavu mbali kidogo na ukuta, na aache kumwagia matundu mafuta ya taa. Nyuki huyu hana asali ya kuvuna, lakini mabilinganya na pasheni za sokoni zina mkono wake. Anastahili kuachiwa kipande cha mti mkavu.