Kromosomu za Mmea wa Matuta ya Mchanga

Kunde zilimwazo Malolo, wilayani Ruangwa, zina ndugu ufukweni: Vigna marina, mmea utambaao wenye maua ya manjano, uotao kwenye matuta ya mchanga ya Bahari ya Hindi na kustahimili chumvi. Je, ustahimilivu huo waweza kuingizwa katika kunde kwa uchavushaji, umfae mkulima ambaye shamba lake limeingiwa na chumvi? Ncha za mizizi zikitiwa rangi, zikabonyezwa na kutazamwa kwa hadubini, seli za mimea yote miwili huonyesha kromosomu 22. Lakini usawa wa idadi si udugu wa karibu. Kromosomu za wazazi zisipoweza kupangana jozi kwa jozi wakati chavua na mayai vinapoumbwa, chotara huwa tasa. Kuhesabu ni mwanzo tu wa utafiti.