Vitamini za "neva" na vipele vya ghafla

Mchimbaji wa dhahabu anayetoka duarani mgongo ukimuuma, vidole vina ganzi na mwili umechoka, hashangai akiambiwa amepungukiwa vitamini. Katoro, mji wa biashara ulio kwenye barabara ya kutoka Geita kuelekea Chato, ushauri wake ni mwepesi: "Chukua za neva." Anapewa vidonge vyenye vitamini B1, B6 na B12 kwa pamoja, au anachomwa sindano ya maji mekundu, kisha anarudi kazini. Dada anayeuza vitenge sokoni naye ana chupa yake, ya nywele na kucha. Siku chache baadaye mmoja wao anaamka vipele vimemjaa mashavuni, kidevuni na mgongoni. Atalaumu vumbi la karasha, sabuni mpya, mafuta ya kupikia, hata kijicho cha jirani. Vitamini haimjii akilini. Kwake yeye hiyo si dawa, na hata akiulizwa hospitalini anatumia dawa gani, atajibu kwa moyo mweupe kwamba hatumii kitu.

Madaktari wa ngozi wamelijua jambo hili muda mrefu. Mwaka 1976 Otto Braun-Falco, mmoja wa mabingwa wa magonjwa ya ngozi nchini Ujerumani, pamoja na mwenzake Lincke, waliandika kuhusu chunusi zinazotokana na vitamini B6 na B12. Zaidi ziliwapata wanawake, tena ambao umri wa chunusi za kubalehe ulikwisha kuwapita. Kuna namna ya kuzitambua. Chunusi za ujana huja mchanganyiko: matundu yaliyoziba na kuwa meusi, vipele vya usaha, na vile vikubwa vinavyouma ukivigusa. Za vitamini huja kwa mkupuo, zinalingana ukubwa, baadhi zina usaha kidogo kileleni, na yale matundu meusi huwa machache au hayapo kabisa. Vitabu vingi husema ni nyekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu huo hauonekani vizuri. Kinachoonekana ni weusi uliozidi, na mara nyingi kipele kikishakauka huacha doa linalokaa miezi.

Itazame ile ampuli ya sindano kabla haijavunjwa shingo. Yale maji mekundu kama juisi ya rozela ni B12 yenyewe, na rangi yake inatokana na umbo la molekuli yenye chembe ya kobalti katikati. (Ndiyo, wachimbaji, vitamini hii ina madini.) Sasa soma lebo. Ampuli nyingi zimeandikwa mikrogramu 1000. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Yaani sindano moja inabeba zaidi ya mara 400 ya mahitaji ya siku, na ini lina uwezo wa kuhifadhi B12 ya kutosha miaka kadhaa. Kidonge chenye kiasi kikubwa hakina nguvu hiyo, kwa sababu utumbo hunyonya sehemu ndogo sana ya kipimo kikubwa, lakini sindano haipiti utumboni.

Kwa nini ngozi ikasirike? Jibu zuri tulilonalo lilitoka Los Angeles, Marekani, mwaka 2015. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, wakiwemo Dezhi Kang na Huiying Li, waliwachoma sindano ya B12 watu 10 wenye ngozi safi, kisha wakachunguza bakteria wanaoishi kwenye vinyweleo vyao. Bakteria hao, Cutibacterium acnes, tunao karibu sote na kwa kawaida hawana neno. Wana uwezo wa kujitengenezea B12 yao wenyewe. Ngozi ilipojaa B12 iliyotoka kwenye damu, bakteria wakapunguza kazi hiyo. Malighafi waliyokuwa wakiitumia ikaelekezwa kwingine, kwenye kutengeneza kemikali ziitwazo pofirini, ambazo huchochea uvimbe kwenye ngozi. Kati ya wale 10, mmoja alitokwa na chunusi ndani ya wiki moja.

Mmoja kati ya 10 si ushahidi wa kumtisha kila mtu, na watafiti wenyewe hawakudai hivyo. Utafiti ulikuwa mdogo mno. Ila unaeleza kwa nini mtu na ndugu yake wanaweza kuchomwa sindano ileile, mmoja akabaki na uso laini na mwingine akaharibika sura.

Linalonitia wasiwasi zaidi kwa upande wa Geita ni hiyo ganzi inayowapeleka watu dukani. Vitamini B6 inahitajika kama miligramu 1.3 kwa siku kwa mtu mzima ambaye bado hajazeeka. Vidonge vingi vya neva vina miligramu 100 au 200 kwa kimoja. Ukimeza hivyo kwa miezi au miaka, B6 iliyozidi huharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu, na dalili yake ya kwanza ni ganzi. Mtu anameza dawa ya ganzi, ganzi inaongezeka, anaongeza dawa. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilishusha kikomo cha B6 kwa mtu mzima kutoka miligramu 25 hadi 12 kwa siku, kwa sababu hiyohiyo ya mishipa ya fahamu.

Ongeza zebaki. Rwamagasa, si mbali na Katoro, mchanganyiko wa zebaki na dhahabu umekuwa ukichomwa kwa miaka mingi, na uchunguzi wa afya uliofanywa huko mwaka 2003 uliwakuta baadhi ya wachomaji wakiwa na sumu hiyo mwilini. Mvuke wa zebaki huleta mikono kutetemeka, kusahau, na matatizo ya mishipa ya fahamu. Hakuna vitamini inayoitoa zebaki mwilini. Mchenjuaji anayetetemeka mikono akapewa vidonge vya neva amepotezewa muda, na vipele vikimtokea juu yake ndiyo kabisa atahangaika na uso huku tatizo kubwa likiendelea.

Kuna kundi jingine ambalo ningependa lisome hapa kwa makini. Vumbi la mawe lenye silika huongeza hatari ya kifua kikuu, kwa hiyo ukanda wa dhahabu una watu wengi waliowahi kutumia dawa za TB. Mojawapo ya dawa hizo, isoniazidi, inajulikana kuleta vipele vinavyofanana na chunusi. Nayo hutolewa pamoja na vitamini B6 kidogo, kwa kawaida kati ya miligramu 10 na 25, ili isiharibu mishipa ya fahamu. Vipele hivyo vinaudhi, hasa kwa msichana, lakini haviui. TB inaua. Asithubutu mtu kuacha dozi yake ya miezi sita, wala ile B6 aliyopewa kliniki, kwa sababu ya uso. Arudi kliniki aseme. Vipele vinatibika huku dawa ikiendelea.

Za nywele na kucha je? Chupa nyingi za aina hiyo zina bayotini, mara nyingi mikrogramu 5000 au 10000, ilhali mwili unatosheka na kama 30. Wanawake wengi husema iliwatoa chunusi. Ushahidi wake ni hafifu kuliko wa B12. Kuna jambo jingine kuhusu bayotini ambalo halina ubishi: huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi la shingo na kile kinachoonyesha kama moyo umeumia, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu hilo. Iodini ikizidi nayo huleta vipele, hivyo mtu anayekula chumvi yenye madini joto hana haja ya vidonge vya mwani wa baharini. Vijana wa mazoezi nao wachunguze unga wa protini wa maziwa, maana umehusishwa na chunusi za mgongoni.

Hata hivyo tusiibebeshe vitamini mzigo wote. Mkorogo wa kung'arisha ngozi uliochanganywa na krimu za steroidi huleta vipele vinavyofanana mno na hivi tunavyovizungumzia, vya ukubwa mmoja na vya ghafla. Kama unajipaka mkorogo na unameza vidonge, anza kuuliza upande wa mkorogo.

Nani basi anaihitaji B12 kweli? Mgonjwa wa kisukari anayetumia metformini kwa miaka, mzee ambaye tumbo lake halinyonyi vizuri, mtu asiyekula kabisa kitoweo, maziwa wala mayai, na mwenye upungufu wa damu ambao kipimo kimeonyesha chanzo chake ni hicho. Hao wakiambiwa wachome sindano, wachome, hata ikileta vipele. Mjamzito naye aendelee na FEFO zake, ambazo ni madini chuma na foliki asidi. Hazimo katika kesi hii. Mkazi wa Katoro anayekula dagaa wa Ziwa Victoria mara mbili tatu kwa wiki, sato akipatikana na maziwa mgando, kwa kawaida B12 anayo. Uchovu wake huenda ni malaria, minyoo, upungufu wa damu, au ni kazi tu iliyozidi na usingizi uliopungua.

Ukitokwa na vipele vya ghafla, hesabu nyuma wiki chache: ulianza kumeza, kuchoma au kupaka nini? Kama ni kitu ulichojinunulia mwenyewe, kiache. Chunusi za B12 kwa kawaida hupungua ndani ya wiki kadhaa baada ya kuacha, ingawa aliyechomwa sindano nyingi huenda akangoja zaidi. Usizikamue, usizisugue kwa ndimu wala dawa ya meno. Hapo ndipo madoa yanapozaliwa. Kama ni dawa uliyoandikiwa, usiiache kabla ya kurudi kwa aliyekuandikia. Na ukienda, beba boksi, chupa au hata ile karatasi ya vidonge iliyokwisha, umwonyeshe daktari. Mwombe pia ajaze fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, inayopelekwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini. Sindano usikubali kuchomewa dukani. Duka la dawa muhimu si mahali pa kuchomea.