Mfugaji na Mkulima wa Tana Katika Mchezo wa Kompyuta

Kiangazi kinapokaza, wafugaji wa Kiorma huteremsha ng'ombe wao kuelekea mto Tana. Kandokando ya mto huo, Garsen na kuendelea, Wapokomo wana mashamba yao ya mpunga, ndizi na maembe. Katikati hupita malka, yaani njia ya mifugo ya kuendea maji. Malka ikizibwa, ugomvi hauko mbali.

Je, kijana wa huku aliyejifunza kompyuta akitaka kutunga mchezo juu ya maisha hayo, ataanzia wapi? Ipo jamii moja ya michezo ambayo mtu aweza kuitunga peke yake, bila kampuni wala fedha nyingi. Mama yao ni Rogue, uliotungwa mnamo 1980 na Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California mjini Santa Cruz, Marekani. Haukuwa na picha. Mchezaji alikuwa alama ya @ kwenye kioo, na maadui wake walikuwa herufi 26, A hadi Z. Kila mchezo ukianza, vyumba na njia hupangwa upya. Na mchezaji akifa, huanza tena mwanzo.

Kazi kubwa ya mtungaji ni kuziagiza herufi hizo la kufanya. Hapo ndipo wengi hutatizika. Anayeanza huandika maagizo ya kila kiumbe mbali mbali: mamba na yake, kiboko na yake, mfugaji na yake. Wakifika ishirini, agizo la kiu limenakiliwa mahali kumi. Akilirekebisha mahali pamoja, kwingine hubaki la zamani, na mara ng'ombe anakunywa pasipo na maji.

Dawa yake ni kuyapanga maagizo upya. Kiu huandikwa mara moja tu, woga mara moja, na kulinda mali hali kadhalika. Kisha kila kiumbe hupewa tabia zake kutoka ghala hilo: ng'ombe ana kiu na woga, mamba ana njaa na subira, mkulima ana njaa na shamba la kulinda. Kazi hii haina sifa, kwani mtungaji aweza kutaabika wiki nzima na mchezaji asione jipya lolote. Mwenye busara huhamisha tabia moja, akaujaribu mchezo, ndipo akashika nyingine.

Watungaji wa Rogue nao waliwagawia maadui wao alama: ya kuruka, ya uroho wa dhahabu, ya kujiponya, ya kutoonekana. Ilikuwapo pia alama ya ukali, na aliyepewa hiyo alimwandama mchezaji bila kuchokozwa.

Alama hii ya mwisho yataka kufikiriwa sana hapa Tana. Mwaka 2012, mapigano baina ya Waorma na Wapokomo yaliua zaidi ya watu 100, wakiwamo wanawake na watoto. Sasa mtungaji akimbandika mfugaji alama ya ukali kwa kuwa ni mfugaji, au mkulima kwa kuwa ni mkulima, amekwisha kuhukumu kabla ya mchezo kuanza. Mchezaji hatabakiwa na la kufanya ila kuua au kukimbia, na atakalojifunza ni kwamba jirani yake alizaliwa adui.

Lakini mfugaji akipewa kiu, ng'ombe na malka, mambo hubadilika. Malka ikizibwa, kiu hupanda na ng'ombe huingia shambani. Mkulima naye hulinda chakula cha watoto wake. Mchezaji aliyeona chanzo aweza kuifungua njia, na ugomvi ukapoa. Mto nao ukifurika, kama ulivyofurika 1997 na 2024, wote wawili hutafuta mwinuko mmoja, maana woga wa maji hauulizi kabila.

Kompyuta haina chuki wala huruma. Hutenda kama ilivyoandikiwa. Basi atakayeutunga mchezo wa Tana na akae kwanza na wazee wa pande zote mbili, awaulize ni nini humfanya mtu mpole akashika mkuki. Majibu yao ndiyo yatakayomwongoza katika kugawa tabia.