Kwa Nini Gia Huwa Nzito Asubuhi

Mazungumzo ya leo ni juu ya jambo dogo liwatialo wasiwasi wengi wenye motokaa za michezo, yaani zile motokaa fupi na nyepesi, aghalabu zenye viti viwili, zilizoundwa ili dereva aone raha ya kuendesha. Mwenye motokaa ya namna hiyo huiwasha alfajiri ya baridi, akaondoka vizuri kwa gia namba moja. Lakini atakapo kuingiza namba mbili, wenzo wa gia wakataa. Akisukuma kwa nguvu, yasikika sauti ya chuma kukwaruza chuma. Baada ya robo saa ya safari gia ile ile yaingia kwa ulaini, kana kwamba hapakuwa na ugomvi wo wote. Basi hujiuliza: Je, chombo changu ni kigonjwa? Wengine hukimbilia kwa fundi ili giaboksi ifunguliwe, nayo haina kasoro. Wengine huzidi kutumia nguvu kila asubuhi, hata kasoro ambayo haikuwako ikawako. Wote hawa hupata hasara, na chanzo chake ni kutoelewa ule uzito una maana gani.

Kwanza yafaa tujue yaliyomo ndani ya giaboksi. Wengi hudhani kwamba gia ibadilishwapo magurudumu ya meno huachana, kisha mengine hukutana. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Katika giaboksi za siku hizi magurudumu ya gia za kwenda mbele yameumana meno daima. Ila katika kila jozi gurudumu moja huzunguka huru juu ya shafti yake, bila kuivuta. Kazi ya wenzo ni kusogeza bangili ya chuma iliyofungamana na shafti hiyo, hata ilishike gurudumu la gia inayotakiwa. Hapo gurudumu na shafti huwa kitu kimoja, na nguvu za injini huweza kufika kwenye matairi.

Taabu ni kwamba bangili na gurudumu havizunguki kwa mwendo mmoja. Tuchukue mfano wa Mazda MX-5, motokaa ya Japani iliyotolewa mwaka 1989. Katika giaboksi yake ya kwanza yenye gia tano, gia namba moja ilikuwa na uwiano wa 3.136, namba mbili 1.888, namba tatu 1.330, na namba nne 1.000. Uwiano huo ni hesabu ya mizunguko ya injini kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka kwenda nyuma. Basi, ikiwa injini yazunguka mara 3,000 kwa dakika katika namba moja, namba mbili kwa mwendo ule ule wa motokaa yataka mizunguko kama 1,800 tu. Dereva akikanyaga klachi na kubadilisha gia, magurudumu ya upande wa klachi hayana budi kupunguziwa mizunguko 1,200 hivi. Kutoka namba mbili kwenda namba tatu, tukianza na mizunguko 3,000 vile vile, upungufu ni kama 890. Na kutoka tatu kwenda nne ni kama 740. Hii ni sababu kubwa ya namba mbili kulalamika kabla ya wenzake.

Kabla ya mwaka 1928 kazi ya kupatanisha miendo hiyo ilikuwa juu ya dereva mwenyewe, kwa ustadi wa miguu na masikio. Mwaka huo kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa motokaa zenye kifaa cha kuifanya kazi hiyo, kiitwacho sinkromeshi. Kiini chake, kama kionekanavyo katika giaboksi nyingi za baadaye, ni pete, mara nyingi ya shaba ya manjano, ambayo upande wake wa ndani umechongwa kama kikombe kinachopungua upana kuelekea kitako. Ubavuni mwa gurudumu la gia pana shingo ya umbo hilo hilo. Bangili ikianza kusukumwa huikandamiza pete juu ya shingo, na msuguano wao hupunguza mwendo wa gurudumu, au huuongeza, mpaka uwe sawa na ule wa shafti. Miendo isipolingana, meno madogo ya pete husimama mbele ya bangili kama bawabu mlangoni. Ikilingana, bawabu hujitenga na njia huwa wazi.

Hapo ndipo penye siri ya mkono wa dereva. Ule uzito anaousikia katika wenzo ni neno la bawabu, asemaye: Ngoja kidogo. Na katika motokaa ya michezo neno hilo husikika waziwazi, kwa kuwa wenzo wake hufanywa mfupi ili gia zibadilike upesi. Wenzo mfupi huenda mwendo mdogo, lakini hudai nguvu zaidi. Ugumu ambao wenzo mrefu wa lori ungeuficha, wenzo mfupi huuleta wote kiganjani.

Sasa tuje kwenye mafuta. Kila mtu wa pwani ajua kwamba mafuta ya nazi huganda asubuhi za kipupwe, na jua likipanda hurudi kuwa maji. Mafuta ya giaboksi hayagandi kwa urahisi huo, lakini tabia yake yakaribiana na hiyo. Mafuta ya namna iandikwayo 75W-90, ambayo hutumika katika giaboksi nyingi za motokaa hizi, kwa kawaida katika joto la digrii 40 huwa mazito mara sita au saba kuliko yalivyo katika digrii 100. Na kwenye asubuhi ya majira ya baridi ya Ulaya au Japani uzito huo huzidi sana. Pete ya shaba imechongwa miferji myembamba ili iyakate mafuta na kuigusa shingo. Mafuta yakiwa mazito hayaondoki upesi; hukaa kati ya pete na shingo kama utelezi, na pete hushindwa kushika. Dereva akirudi gia ya chini ni shida zaidi, kwa kuwa hapo pete yatakiwa kuliongezea gurudumu mwendo, hali gurudumu lenyewe lavutwa nyuma na uzito wa mafuta.

Je, dawa ni kuiacha injini iwake mahali pamoja mpaka ipate moto? Wengi hufanya hivyo, lakini faida yake kwa giaboksi ni ndogo. Injini ina moto wake wa ndani, na maji yake hupata joto baada ya dakika chache. Giaboksi haina moto. Joto lake latoka hasa katika meno yanayosukumana chini ya mzigo, na katika mafuta yanayokorogwa na magurudumu. Motokaa iliyosimama haina mzigo, na mkorogo wake ni wa polepole. Tena mshale wa joto ulio mbele ya dereva waonyesha maji ya injini, wala hauna habari ya mafuta ya giaboksi. Mshale waweza kufika mahali pake pa kawaida, na gia namba mbili ikawa bado katika baridi yake. Kipasha moto cha giaboksi ni safari yenyewe, iendayo kwa upole, kwa muda wa dakika 10 au 15, na zaidi penye baridi kali.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la motokaa za bei nafuu peke yake. Ferrari 308, iliyotolewa mwaka 1975, yajulikana kwa kukataa namba mbili ikiwa baridi. Wenyewe wamezoea kuiruka kabisa, wakatoka namba moja kwenda namba tatu, mpaka mafuta yapate joto. Porsche 911 zilizotengenezwa tangu mwaka 1972 hata 1986 zilikuwa na giaboksi iitwayo 915, ambayo hutaka mkono wa taratibu, na haraka huichukia. Kwa motokaa za mwaka 1987 kampuni iliweka giaboksi nyingine, iitwayo G50, yenye pete za namna nyingine, na madereva wakaona nafuu.

Basi mwenye motokaa ya namna hii afanyeje? Tutasema kwa utaratibu.

Kwanza, aiwashe injini, aingoje itulie kwa muda usiopita dakika moja hivi, kisha aondoke kwa upole. Pili, katika kilometa za kwanza abadilishe gia mapema. Akibadilisha kutoka namba moja kwenye mizunguko 2,000 badala ya 3,000, upungufu tuliouhesabu juu watoka 1,200 na kuwa 800, na pete yapata kazi nyepesi. Tatu, akanyage klachi mpaka mwisho, ausukume wenzo kwa vidole kwa nguvu ndogo isiyokatika, apumzike nukta moja katikati pasipo gia, kisha aendelee. Asiupige wenzo kwa kiganja. Nne, arudipo gia ya chini akiwa bado katika baridi, atumie desturi ya madereva wa zamani: akanyage klachi, aweke gia katikati, aachie klachi, akanyage mafuta kidogo ili magurudumu yapate mwendo, kisha akanyage klachi tena na kuingiza gia. Tano, asiupumzishe mkono juu ya wenzo akiwa safarini, kwa kuwa uzito wa mkono hufika mpaka ndani na kusugua vyuma visivyopaswa kusuguana.

Mafuta nayo yataka uangalifu. Giaboksi nyingi za aina hii huagizwa mafuta ya daraja la GL-4. Yako mafuta ya GL-5, yaliyokusudiwa hasa kwa difu. Dawa zilizotiwa ndani yake, zenye salfa na fosfori, ni nyingi zaidi, na baadhi yake zaweza kuila shaba ya pete, au kuifanya iteleze mno. Mtu asidhani kwamba tano ni bora kuliko nne. Na afuate kitabu cha motokaa yake. Katika Mazda MX-5 za kwanza, mpaka zile za mwaka 2005, pana pia mafuta kidogo yakaayo peke yake katika kikombe kilicho chini ya wenzo. Wengi huyasahau kwa miaka mingi, kisha huilaumu giaboksi kwa ukavu wa kikombe.

Limebaki swali lililo kubwa: mtu atajuaje kama ule uzito ni wa baridi au ni wa ugonjwa? Dalili ni hizi. Ikiwa gia hukataa asubuhi tu, na baada ya safari huingia vizuri, hiyo kwa kawaida ni tabia ya mafuta. Haifai kufungua kitu. Ikiwa gia moja hukwaruza hata motokaa ikiwa moto, na nyingine zote ni salama, yamkini pete ya gia hiyo imelika. Ikiwa gia zote ni nzito injini ikiwaka, na injini ikizimwa huingia zote bila taabu, giaboksi haina hatia: klachi haiachii sawasawa, nayo ndiyo ya kutazamwa kwanza. Na ikiwa ni nzito hata injini ikizimwa, na motokaa imekwisha pata moto, fundi aanze na wenzo na viungo vyake kabla ya kushusha giaboksi.

Pete ya shaba ni kitu kidogo kiasi cha kuenea kiganjani, lakini kuifikia hapana budi giaboksi nzima ishushwe na kufunguliwa kipande kwa kipande, na malipo ya kazi hiyo hupita mbali bei ya pete. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa wazibwa kwa subira ya robo saa, nayo haina bei. Dereva aliyejifunza kuusikiliza mkono wake humpa bawabu nafasi ya kufanya kazi yake. Na giaboksi iliyotunzwa hivyo huweza kudumu miaka mingi bila kufunguliwa.